Kilo Saba za Mkononi

4 Februari

Mdogo wangu Nanga,

Sisi huku tunajikongoja, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako kifua kimemwachia na tangu Jumatatu yupo kazini. Mpwa wako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, anasema Mjomba akija asithubutu kumcheka. Cherehani yangu kubwa ilinikorofisha wiki nzima, sare za shule mia na kitu nimezishona kwa ile ndogo ya marehemu Mama, sasa mgongo wangu na mimi hatuongei.

Nakuja kwa Baba. Macho yamekwisha, Nanga. Hata ule mwanga wa dirishani aliokuwa akiuona pembeni haupo tena. Daktari alimmulika na tochi, akamuuliza, "Mzee, unaona nini?" Baba akamjibu, "Naona unamaliza betri bure." Tulicheka wote, daktari mwenyewe akacheka. Tulipofika nyumbani hakugusa chakula. Daktari alisema na mengine, ya figo, hayo nitakwambia tukionana.

Sasa ameanza kuulizia miwani yake. Ile ya kuzamia, uliyoondoka nayo ulipopata kazi. Nikamwambia, "Baba, huoni, miwani ya nini?" Akasema, "Sitaki kuonea, Fundi. Nataka kuishika." Miaka ishirini na sita alishuka kusafisha milango ya bwawa la maji la mji, na unakumbuka alivyokuwa akirudi, anaifuta ile miwani kabla hajavua viatu. Nadhani anataka kitu cha siku zile mkononi. Kila asubuhi ananiuliza kama umejibu.

Omba likizo uje. Na tafadhali, miwani uibebe mkononi. Usiitie kwenye mabegi ya kupoteapotea.

Barua zako namsomea zote kwa sauti. Ukiwa na neno la kwangu peke yangu, piga mstari, nitajua pa kuishia.

Dada yako,
Fundi


25 Februari

Dada, shikamoo. Na wewe Baba uliyeketi hapo ukijifanya husikilizi, shikamoo.

Barua imenikuta juzi. Boti ya kutoka nchi kavu huja mara mbili kwa wiki na posta yetu inakaa kwenye sanduku la biskuti. Mimi mzima. Tunalala kwenye tishari, watu kumi na wawili, na mpishi anayeunguza hata chai. Mchana tunashuka kubadilisha boliti za nguzo za gati. Baba, maji ya huku ni meusi, mkono wako mwenyewe huuoni, tunafanya kazi kwa kupapasa. Ungekuwa hapa ungetupita wote.

Nimepewa siku tisa mwezi wa nne. Kutoka nyumbani nitapitiliza kituo kingine cha kazi, kwa hiyo zana zangu nakuja nazo. Enzi zako, Baba, zana zilipanda lori la idara. Ndege ina masharti. Mtungi wa hewa naacha, kila kituo kina mitungi yake, na ukiwa umejaa hawataki hata kuuona. Mkanda wa uzito naacha. Suti ya mpira, mapezi ya miguuni, kisu, na tochi iliyotolewa betri vinaingia begi kubwa. Kidude cha pumzi, kile cha kutia mdomoni, hicho kinakaa na mimi kwenye mkoba wa mkononi, maana kikigongwa huko chini ni roho ya mtu. Na siku ya mwisho kabla ya kuruka sishuki majini. Si unakumbuka ulivyokuwa ukitueleza hewa inavyobaki kwenye damu, ukipanda juu kwa pupa inafumka kama soda iliyotikiswa? Ndege nayo ni kupanda juu, tena mno.

Miwani yako ipo, Baba. Ipo kwenye kopo lake lile lile la bati, na mkanda wake ule uliouunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Inakuja mkononi mwangu.

———

Dada, figo zimefanyaje? Usinifiche, mimi si mtoto. Kama ni jambo la kunifanya nije kesho, niambie nije kesho.

Mdogo wako,
Nanga, aliyezama kama jiwe siku ya kwanza Baba alipomtupa bwawani, na siku hizi analipwa kwa hilo


29 Aprili

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo.

Nimefika kituo kipya salama. Mpishi wa huku ni afadhali. Suti niliyovaa ni ya kuazima, mwenyewe ana miguu mifupi, basi wenzangu wameshanibatiza Kaptura. Mwambieni yule asiye na meno kwamba nilijitahidi sana kutocheka.

Begi bado. Leo ni siku ya ishirini. Kwanza waliniambia limebaki kwenye mji tuliobadilishia ndege. Halafu wakasema lilipanda ndege nyingine. Halafu yule mama wa ofisi ya mizigo iliyopotea akasema kwenye kompyuta halipo kabisa, kana kwamba sijawahi kuwa na begi maishani mwangu. Namba yake sasa naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa.

Baba, nisamehe. Pale nyumbani nilikueleza juu juu, leo naandika vizuri. Miwani nilikuwa nimeibeba mkononi kama nilivyoahidi. Mtu wa kaunta akaupima mkoba wangu, akasema kilo saba tu ndizo zinazoruhusiwa, umezidi. Akalichukua kopo lako kwa mkono wake akalitia kwenye begi kubwa. Nilibishana naye, wapi! Mtu ana sare, mimi nina foleni nyuma yangu. Litapatikana, Baba. Nitaileta.

———

Dada, siku naondoka ulikuwa unafua na hukunisindikiza hata getini. Umenuna nini? Sema.

Nanga


3 Juni

Nanga,

Hatujambo. Sare za muhula zimekwisha. Meno ya mpwa wako yanachomoza. Baba anakula vijiko viwili vitatu, anakusalimu. Barua yako nilimsomea mpaka kwenye mstari. Alisema jambo, nitakwambia siku nyingine.

Umeuliza nimenuna nini. Ulikaa siku tisa. Siku sita kati ya hizo ulikuwa kwenye benchi la ofisi ya mizigo, uwanja wa ndege. Kila asubuhi nilimnyoa Baba ndevu, nikamvalisha lile shati lake la mikono mirefu, nikamweka kibarazani kwa sababu mwanawe amekuja. Wewe unamgusa bega, "Baba, naifuata, leo naipata." Unarudi saa kumi na mbili na karatasi mpya yenye mhuri. Kutwa nzima geti likilia anageuza uso. Geti la jirani likilia, anageuza. Ulikuja kumwona Baba au kumwona yule mama wa mizigo?

Basi, nimesema. Nilikuwa nikiikalia hii hasira tangu Aprili na barua yako nimeiweka mwezi mzima chini ya mkasi nisiijibu. Ukitaka kukasirika kasirika, ila andika.

Fundi


24 Juni

Dada,

Sijui nianzeje. Hapo juu nilikuwa nimeandika "na Baba shikamoo." Mkono uliandika wenyewe. Nimeichana karatasi, hii ni ya pili.

Jumanne nilishuka mara mbili, ya pili ilikuwa ndefu tena kina kikubwa. Nilipopanda, bado nina mapezi miguuni, msimamizi akanishikisha simu ya ofisini nikakusikia unalia. Nikamwambia msimamizi naondoka sasa hivi, boti ipo na ndege ya jioni nitaiwahi. Akasema, "Huendi popote, una hewa kwenye damu. Saa ishirini na nne." Nikamwambia baba yangu amekufa. Akasema, "Nimesikia, ndugu yangu. Ukipanda ndege leo na wewe tutakuzika." Akanishika mkono hakuniachia.

Nyinyi mlizika asubuhi. Saa ile nilikuwa nimekaa ukingoni mwa tishari, nimevaa shati safi na viatu, natazama saa yangu ya kuzamia ikihesabu dakika mpaka niruhusiwe kupaa. Ilipofika sifuri mlikuwa mmeshamfukia. Nikawaza, naenda kuona nini? Sikwenda. Mkoba ulikuwa tayari, nikaufungua nikatundika nguo zangu. Nisamehe.

Kuna kimoja tu kinachonishikilia. Ulisema kwenye simu begi lilifika Jumapili, na kwamba Baba amekufa ameishika miwani yake. Nilikuuliza mara mbili, ukanijibu mara mbili, "Ameishika." Dada, hujui umenipa nini. Wenzangu wakija kunipa pole nawaambia hilo. Machozi yakinijia ndani ya maji, ambako huwezi hata kujifuta, najiambia hilo.

Niambie ilivyokuwa. Alikuwa amekaa au amelala? Alisema nini alipoishika? Usiache hata neno moja.

Mdogo wako,
Nanga


19 Julai

Dada, shikamoo.

Hujanijibu. Boti saba zimekuja, sanduku la posta, ambalo huku nako ni la biskuti, nalipekua mimi wa kwanza. Natumaini shemeji na watoto ni wazima.

Jana nimepata barua, si yako, ya kampuni ya ndege. Nainakili kama ilivyo: "Tunayo furaha kukujulisha kuwa begi lako limepatikana tarehe 8 Julai katika stoo ya mizigo isiyo na wenyewe. Kufuli haijaguswa. Litasafirishwa hadi anwani uliyotupatia." Anwani niliyowapa ni ya kwako.

Tarehe 8 Julai, Dada. Na kufuli haijaguswa.

Baba alikuwa ameshika nini?

Nanga


11 Agosti

Mdogo wangu,

Watoto wazima, shemeji yako mzima, mimi ndiye sijui. Nimekata nguo ya mteja upande mmoja mara mbili, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Nimeandika barua hii mara nne.

Ni kweli, begi halikufika. Nilikudanganya kwenye simu, na kabla ya hapo nilimdanganya Baba.

Ile wiki ya mwisho alikuwa hali tena. Alikuwa analala ubavu, mkono mmoja umefunguka juu ya shuka, hivi, kama mtu anayengoja kupewa chenji. Sikuweza kuutazama ule mkono. Nikaenda kule shule ninakoshona sare, wana bwawa la kuogelea. Nikamwomba mlinzi wa bwawa aniuzie miwani ya zamani kabisa, nyeusi, ya mpira mzito, kama ya Baba. Akanipa bure, ilikuwa stoo imejaa vumbi. Nikaiosha, nikaipaka mafuta kidogo ya cherehani ili inukie kazi. Halafu nikakumbuka ule mkanda. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli ya shemeji yako, nikaukata mkanda mahali pale pale, upande wa kushoto karibu na kifungo, nikauunga kwa sindano. Nilishona vizuri, Nanga. Nilishona kwa moyo wangu wote.

Jumapili baada ya saa tisa nikaingia. Nikamwambia, "Baba, begi la Nanga limekuja." Nikamwekea mkononi. Akaishika kwa mikono yote miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye kioo, kwenye ukingo, akashuka mpaka kwenye mkanda, akafika kwenye kiraka. Pale akakaa. Kidole kinaenda, kinarudi. Nilidhani amelala. Akasema, "Imefika."

Nikatoka nje nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Jumatatu nikimpangusa uso akaniita. "Fundi." Nikaitika. Akasema, "Mshono ni wako." Nikaendelea kumpangusa. Akasema, "Mimi sikujua kushona. Nilichukua sindano ya viatu nikaenda nayo mbele tu, mbele tu, kama gunia. Huu sindano imerudi nyuma kila hatua. Kazi safi mno." Nikaanza kuomba msamaha, akanifinya mkono. "Nyamaza. Mwambie mtoto imefika."

Hakuiachia tena. Jumanne saa saba akafa ameishika, hilo sikukudanganya. Tulipomwosha tulishindwa kuvifungua vidole, tukamzika nayo.

Nilikwambia alichoniagiza nikwambie. Sasa nimekwambia na kilichobaki, maana umeuliza.

Fundi


2 Septemba

Dada, shikamoo.

Mimi nilidhani nitakasirika. Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya mtungi, nikaona umefanya jambo ambalo mimi mwanawe wa kiume mwenye kazi ya majini sikuweza hata kulifikiria. Ulimpa kitu mkononi. Mimi nilimpa karatasi zenye mihuri.

Sasa nisikilize. Hakukuwa na mtu wa kaunta.

Kulikuwa na mizani na bango, kilo saba. Mkoba wangu ulikuwa kilo nane na nusu. Nilikuwa nimewahi, foleni haijaanza, hakuna aliyeniharakisha. Msichana wa pale alikuwa anakunywa maji, akasema kwa upole, "Punguza kitu kimoja, kaka, chochote tu." Ndani kulikuwa na kidude cha pumzi, saa yangu, viatu vya wapwa zangu, na kopo la Baba. Nikavipanga sakafuni nikavitazama. Kidude cha pumzi kilikuwa kipya, nilikuwa nimekiombea ofisini mwaka mzima. Nikakirudisha mkobani cha kwanza kabisa. Halafu saa. Halafu viatu, kwa kuwa ni vyepesi. Kopo nikaliinua, nikasema, hili ni la bati, hili halivunjiki, begi zuri, kufuli imara, ni saa chache tu. Nikalitia begi kubwa kwa mkono wangu mwenyewe, katikati ya mapezi. Wala sikusita, Dada. Hapo ndipo panaponiua. Sikusita hata kidogo.

Na unajua nini? Ningeweza kuliacha lile bati nikaivaa miwani shingoni. Hawapimi ulichovaa. Watu wangecheka, mtu mzima kapanda ndege na miwani ya kuzamia shingoni, wangecheka wakachoka, na ningeshuka nayo nikamvalisha Baba. Jambo hili lilinijia siku ya pili nikiwa pale kwenye benchi la mizigo. Ndiyo maana sikuweza kukaa nyumbani. Kila nikimtazama amekaa kibarazani na shati lake lile, naona mkono wangu unatia kopo begini. Kule ofisini angalau nilikuwa nagombana na mtu mwingine.

Uliniandikia kwenye barua ya kwanza kabisa, uibebe mkononi. Mstari mzima. Nikaahidi, ukamsomea ahadi yangu kwa sauti.

Begi likifika, namba za kufuli ni mwaka aliokufa Mama. Fungua wewe. Mimi sitaki kuligusa.

Nanga


15 Oktoba

Nanga, mdogo wangu,

Wote tunapumua. Mpwa wako ana meno mapya makubwa kuliko uso wake, sasa ruhusa ya kucheka imetolewa. Shemeji yako anauliza nani alikata tyubu ya baiskeli yake, namwambia panya.

Begi lilikuja Ijumaa. Dereva wa gari la mizigo alilishusha getini, akataka saini, akasema, "Mama, hili limetembea kuliko mimi." Nililiacha ukumbini siku mbili, watoto wanalizunguka. Jumapili nikafungua. Suti yako imeota ukungu, nimeifua mara tatu na bado inanuka. Mapezi yapo, kisu kipo. Na kopo lilikuwa katikati kama ulivyosema. Halijabonyea hata kidogo. Ulisema kweli, bati halivunjiki.

Miwani nzima. Kioo kizima. Ila ule mpira wa tyubu umekauka, nilipouvuta kidogo ukakatika mkononi mwangu. Nimekata mwingine. Nikakaa kuushona kwa mshono wa Baba, kwenda mbele tu, kama gunia, na nimeufumua mara tano, Nanga, mara tano. Mkono wangu unakataa, unarudi nyuma wenyewe. Mara ya sita nikafumba macho nikashona bila kuona, ukatoka mbaya vizuri. Ukiupapasa ni wake kabisa.

Sasa na mimi nina langu, na hili sikumwandikia mtu wala sijamwambia shemeji yako.

Kwanza lile nililosema nitakwambia siku nyingine. Nilipomsomea habari ya mtu wa kaunta, Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nanga tangu mtoto hajui kudanganya. Kaichukua pumzi yake kaacha miwani. Hata mimi ningefanya hivyo, mzamiaji haachani na pumzi yake." Alijua, Nanga. Alijua Mei yote na hakuwa na neno. Nami nikaliweka, sikukuandikia, kwa kuwa nilitaka uumie kidogo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili.

Ile safari yako, siku ya tatu, ulipokwisha toka kwenda uwanja wa ndege, Baba aliniambia, "Mwambie Nanga aache kwenda huko. Miwani ije isije, basi. Aje akae hapa nimsikie anavyopumua. Mwambie wewe, nikimwambia mimi atadhani namlaumu."

Sikukwambia. Ulirudi jioni umechoka, una karatasi yako, nikakuwekea chakula nikanyamaza. Nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni, mtu mzima haambiwi akae na baba yake, acha ajue mwenyewe. Siku ya nne ukaenda. Baba akaniuliza, "Umemwambia?" Nikamjibu, "Nimemwambia." Siku ya tano ukaenda. "Umemwambia?" "Nimemwambia, Baba." Siku ya sita. Siku ya saba hakuniuliza tena. Alisema tu, "Basi, ana haraka zake. Mwache." Akageuza uso geti lilipolia.

Amekufa akijua ulisikia na hukukaa.

Nilikuwa na siku tatu nzima za kufungua mdomo. Ulikuwa umelala chumba cha pili, ukuta kati yetu. Sijui kwa nini ninaandika hili leo isipokuwa wewe umeniandikia la kopo, na nikaona siwezi kukuacha ubebe peke yako.

Sikuombi msamaha. Miwani nimeitundika kwenye msumari wa Baba. Siitumi kwa posta wala kwa ndege.

Fundi


9 Novemba

Dada, shikamoo.

Nina afya, nashukuru. Wasalimie wote.

Boti tatu zimepita na barua yako nikiwa nayo mfukoni. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya, na nimekichoma. Nilikuchukia siku nne, niseme ukweli. Siku ya tano nikaanza kukukumbuka, ulivyokuwa ukirudi kutoka kufua na mikono imekunjamana. Sijui kama nimekusamehe, na wewe usinidanganye kwamba umenisamehe. Tumedanganyana vya kutosha mwaka huu.

Nimeomba likizo, nimepewa wiki tatu. Zana zangu zote nimemwachia yule mwenye miguu mifupi, hata kidude cha pumzi. Sijashuka majini tangu juzi, damu yangu ni safi. Jana nilikwenda kupima mkoba kwenye mizani ya jikoni, mpishi ananishangaa. Kilo mbili.

Barua hii nampa mwenzangu anayeruka kesho, itanitangulia. Toa kile kiti cha Baba ukiweke kibarazani, na chako kando yake. Geti likilia asubuhi ya Alhamisi usinyanyuke, nitafungua mwenyewe. Siendi popote, Dada. Nakuja kukaa.

Nanga